Ng'ombe Mwekundu wa Sinema

Ndoa yangu ilikwama kwa sababu ya rangi ya ng'ombe. Ndoa za wengine hukwamishwa na maradhi, au maneno ya majirani, au kijana kukimbilia migodini asirudi. Yangu ilikwamishwa na mtamba mmoja ambaye kwenye sinema alikuwa mwekundu, na siku ya mahari akawa wa majivu.

Mimi ni Tusekile binti Jailos, Mnyakyusa wa milima ya Rungwe. Tangu utoto nilikuwa na maradhi ya kuuliza. Kwa nini moshi hupanda na maji hushuka? Kwa nini mbwa hana jasho? Mama yangu, Damari, alinijibu kadiri alivyoweza mpaka Mungu alipomchukua, nami nilikuwa bado mdogo. Baba yeye hakuwa na majibu. Nikimwuliza jambo hunituma maji mtoni, na ndiyo maana nilikua na shingo imara kuliko wasichana wote wa kijijini.

Mwaka wa 1956 gari la sinema la serikali lilifika kwetu. Walitundika shiti jeupe kati ya milingoti miwili kwenye uwanja wa shule, wakawasha jenereta lililokuwa likikohoa kama mzee mwenye pumu, na giza lilipoingia wakatuonyesha maonyesho ya mifugo yaliyofanyika Mbeya. Ilikuwa picha ya rangi. Kilima kizima kiliguna. Mara akapita Andendekisye, mchumba wangu, amemshika kamba mtamba wa baba yake, Mzee Saulo. Watu wakapiga vigelegele, mimi nikajifunika uso kwa kanga na kuchungulia kwa jicho moja.

Mtamba yule alikuwa mwekundu. Wekundu wake ulikuwa ule wa udongo wa barabara baada ya mvua. Alipita taratibu, akageuza kichwa kututazama, akatoka.

Hapo baba akainuka. Alitembea mpaka mbele ya shiti, kivuli chake kikafunika mabwana wote waliokuwa wakigawa zawadi. Watu wakamwambia aketi, tena wengine kwa maneno ambayo mzee wa kanisa hapaswi kuambiwa. Hakuketi. Alisimama pale mpaka picha ya ng'ombe ikaisha, ikaja ya mbolea.

Njiani tukirudi nilimwambia kwamba nimeona jambo. Shati la Andendekisye nalijua, ni jeupe, hulivaa kila Jumapili. Lakini kwenye shiti lilionekana kama limechovywa kwenye chai ya maziwa. Na kofia za mabwana pia. Kwa nini? Baba akanituma maji, ingawa giza lilikuwa limeshaingia na mitungi ilikuwa imejaa.

Kesho yake alimwita Danieli, mshenga wetu, akamwambia kwamba katika ng'ombe wa mahari anataka mmoja kwa kumchagua: yule mwekundu wa kwenye sinema. Danieli alicheka. Katika maisha yake ya ushenga alikuwa amesikia watu wakichagua ng'ombe zizini, malishoni, hata kwa sifa tu, lakini hakuwahi kusikia mtu akichagua ng'ombe kwenye shiti. Hata hivyo akaenda. Mzee Saulo akakubali mara moja, kwa furaha, maana mtamba yule alikuwa fahari yake.

Siku ya mahari akina Saulo wakamleta pamoja na ng'ombe wengine. Baba alitoka nje amevaa koti lake la kanisani. Akamzunguka yule mtamba, akamshika pembe, akamzunguka tena. Mtamba alikuwa mzuri, mnene, mwenye macho ya upole. Lakini rangi yake ilikuwa ya majivu yaliyochanganyika na udongo kidogo. Baba akarudi ndani akavua koti.

"Siyo hii," akamwambia Danieli. "Ile ilikuwa nyekundu. Waambie walete ile."

Mzee Saulo aliapa kwa Biblia kwamba mtamba ni yuleyule. Baba hakusikia. Saulo akaongeza dume juu yake, baba akakataa. Akaahidi mtamba mwingine mwekundu kweli, kutoka kwa shemeji yake, mwekundu hata kwa kipofu. Baba akakataa huyo naye. Alimtaka yule wa kwenye sinema, hakutaka mwingine. Watu wakaanza kusema Jailos ana tamaa. Lakini tamaa gani hiyo, inayokataa ng'ombe wawili kwa ajili ya mmoja? Nilimkasirikia baba kwelikweli. Nilikuwa nikimwekea ugali mbele yake bila kusema neno, na kwangu mimi kukaa kimya ni adhabu kuliko kwa anayenyamaziwa.

Andendekisye alinisubiri siku moja njia ya kisimani. Aliniambia kwamba kamba ya yule ng'ombe alikuwa ameishika kwa mkono wake mwenyewe, na kama yeye ni mwongo basi mkono huo ukatike. Nilimwamini. Lakini na baba sikuweza kumwita mwongo, maana macho hayana pazia, na wekundu ule niliuona na mimi. Basi nikabaki na watu wawili wasemao kweli na ng'ombe mmoja mwenye rangi mbili. Usiku sikulala. Sehemu yangu moja ililia kwa ajili ya ndoa, na sehemu nyingine, nisifiche, ilikuwa ikiwaza lile shati la rangi ya chai.

Danieli ndiye aliyeleta habari. Filamu ileile ingeonyeshwa Mbeya mjini Jumamosi alasiri, kwenye ukumbi wa sinema, kabla ya picha kubwa. Mzee Saulo akasema vema, twende sote tukaone. Lakini akaongeza sharti: akiitwa mwongo tena baada ya hapo, atachukua ng'ombe wake wote, na binti wa Jailos abaki kwa Jailos. Danieli alinipa maneno hayo akiangalia chini. Nilielewa. Jumamosi ile ndiyo ingeamua kama nitaolewa na Andendekisye au la.

Tulipanda lori la viazi, wazee mbele kwenye magunia ya kukalia, mimi na Andendekisye nyuma tumetenganishwa na Danieli kama ilivyo adabu. Baridi ya mlimani ilitukata masikio.  Baba alikuwa amevaa tena koti la kanisani.

Ukumbini tuliketi kwenye mabenchi ya mbele. Taa zikazimwa, na juu ya vichwa vyetu ukapita mwanga ambao sikuwahi kuuona. Ule wa gari la sinema ulikuwa kama wa kibatari kilichopunguzwa utambi. Huu ulikuwa mweupe, mkali, mtu angedhani mlango umefunguliwa na jua la saa sita limeingia. Niliona vumbi likielea ndani yake. Kwenye pazia kila jani lilikuwa na ukingo wake. Nyuso zetu watu weusi, ambazo kule kijijini zilikuwa mabaka ya giza yenye meno, hapa zilikuwa na mikunjo, na jasho, na kovu la Andendekisye juu ya nyusi. Shati lake lilikuwa jeupe pe.

Na mtamba akapita, wa majivu.

Mzee Saulo alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Danieli akamtazama baba. Baba alikuwa amekunja mikono.

"Hii ni nyingine," akasema.

Mzee Saulo hakugomba. Aliinuka polepole, akavaa kofia, akamwambia Danieli kwamba Jumatatu vijana wake watakuja kuchukua ng'ombe. Akatoka nje. Andendekisye alinitazama mara moja, kisha akamfuata baba yake kama mtoto anayejua wajibu wake. Picha kubwa ikaanza, watu wakacheka kwa jambo fulani, nami nikabaki nimeketi.

Nililia kidogo. Kisha nikageuka nyuma kutazama mwanga unatoka wapi, maana maradhi ya kuuliza hayaheshimu hata msiba.

Ulitoka kwenye kidirisha juu ya ukuta wa nyuma. Picha ilipokwisha na watu wakatoka, nilimwambia baba anisubiri, nikapanda ngazi ya nje na kubisha. Akafungua mwanamume mfupi wa makamo, shati limelowa jasho.

"Kamwene," akasema, kwa salamu ya kwao Iringa. Jina lake lilikuwa Silvester, mtu wa Igowole, na yeye ndiye aliyeendesha mashine. Alidhani nimepotea njia. Nilimwambia sikupotea, nimekuja kuuliza kwa nini taa yake inageuza ng'ombe.

Wengine wangenifukuza. Silvester alikaa juu ya kasha akataka kusikia habari yote. Nilimpa, tangu shiti la kijijini mpaka kofia ya Mzee Saulo. Alipenda hasa mahali pa shati la chai. Alinirudisha hapo mara mbili.

"Dada, taa yangu haigeuzi kitu," akasema. "Ile ya gari ndiyo inageuza. Ile ni globu tu, waya unawaka ndani ya chupa. Na jenereta ikichoka, waya unakuwa mwekundu kama mkaa. Sasa mwanga mwekundu utatoa wapi nyeupe?"

Akafungua tumbo la mashine, akanionyesha. Ndani hamkuwa na chupa wala waya. Mlikuwa na vijiti viwili vyeusi vya kaboni vinavyotazamana ncha kwa ncha, na nyuma yake kioo kama sahani. Akanipa kipande cha kioo cheusi nikiweke machoni. Akavigusanisha vijiti, akavitenganisha kidogo tu, na pale katikati, pasipo na kitu, pakawaka. Palizomea kama mafuta kwenye kikaango. Hata kwa kile kioo cheusi niliona shimo dogo kwenye ncha ya kijiti kimoja, jeupe kabisa, na joto lake likanipiga shavuni. Nilisahau kulia. Nilisahau hata nilipo.

Silvester akanieleza kwamba vijiti vinaliwa na moto, vinafupika kama mishumaa, hivyo kazi yake kutwa nzima ni kuvisogeza. Kijiti kikikaa mahali pake, mwanga ni mweupe kama mchana. Akikiacha kikaliwa bila kukisogeza, picha inaanza kuwa ya hudhurungi. Akikisukuma mno, inaingia rangi ya samawati, na watu chini wanaanza kupiga miluzi.

"Kwa hiyo unaweza kumfanya ng'ombe mwekundu?" nikauliza.

"Kwa uzembe tu," akasema, akacheka. "Mwenye ukumbi atanifukuza."

Nikamwomba awe mzembe kidogo kwa ajili yangu. Alitazama saa, akatazama vipande vyake vya kaboni, akakuna kichwa. Onyesho la jioni lilikuwa bado. Akasema nikamwite mzee, lakini upesi.

Nilimkuta baba amesimama nje peke yake, mikono mfukoni. Danieli alikuwa amewakimbilia akina Saulo kwenye stendi ya malori, kujaribu kuwatuliza. Nilimwambia baba apande aone. Nilitegemea kutumwa maji. Ajabu, alinifuata.

Tulisimama kwenye kile kidirisha, pazia likiwa chini mbele ya mabenchi matupu. Silvester akaendesha kipande cha maonyesho. Mtamba akapita, wa majivu. Akakirudisha kipande, akasukuma kijiti mbele, akaendesha tena: mtamba akapita wa samawati hafifu, kama aliyelowa kwenye ukungu. Akakirudisha mara nyingine. Safari hii hakugusa kijiti. Tulisubiri, moto ukala, mwanga ukaanza kuzeeka. Ndipo akaendesha, na pale kwenye pazia la ukumbi wa Mbeya akatokea mtamba mwekundu, taratibu, akageuza kichwa, akatutazama.

Baba alishika ukingo wa dirisha.

"Mwanangu, simamisha," akamwambia Silvester.

"Mzee, haisimami. Nikiisimamisha mbele ya moto huu, itaungua. Lazima ipite."

"Basi irudishe."

Akairudisha. Mwekundu akapita, akatutazama, akatoka. Baba akaomba tena, Silvester akairudisha tena bila kulalamika. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumwambia baba: umeona sasa, shati lilikuwa jeupe na ng'ombe alikuwa wa majivu, na mimi nilikuambia siku ya kwanza. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo mdomoni na ladha yake ilikuwa tamu. Nikamtazama usoni, nikayameza. Machozi yalikuwa yakimtiririka, wala hakuyafuta.

"Ni ng'ombe wa mama yako," akasema.

Sikuelewa. Akaniambia pale pale, mbele ya mgeni, mambo ambayo hakuwahi kuniambia nyumbani. Alipokuwa kijana alikuwa na mtamba mmoja tu wa kwake, mwekundu, aliyemchunga tangu ndama na kulala naye chini ya paa moja. Alipomtaka Damari, baba yake Damari alitaka huyo huyo. Alimtoa. Alimpeleka mwenyewe kwa kamba mpaka kwa wakwe, akamfunga, na alipogeuka kuondoka mtamba akageuza kichwa kumtazama. Ndivyo alivyompata mama. Mtamba alikufa siku nyingi. Kisha na mama akafa.

"Nilipomwona kwenye shiti," akasema, "nilifikiri amerudi. Nilimtoa nikampata mama yako. Nikafikiri sasa amekuja mwenyewe kwa ajili yako. Ningekubalije nyingine?"

Nilimshika mkono baba yangu. Siku zile zote nilimwona mkaidi, watu wakamwona mwenye tamaa, kumbe mtu alikuwa akimsubiri mkewe. Waswahili husema akipenda, chongo huita kengeza. Baba alipenda, majivu akayaita moto, na taa mbovu ya gari ikamwitikia.

Silvester alikuwa amegeuza uso, akijifanya anafuta kioo cha mashine. Vijiti vyake vilikuwa vimeliwa karibu kwisha. Baba aliona. Akamuuliza kama kile kilichobaki kinatosha kupitisha ng'ombe mara moja zaidi. Silvester akasema kinatosha.

"Basi ipitishe kwa mwanga wake wa kweli," baba akasema.

Silvester akasogeza kijiti, mwanga ukarudi mweupe. Mtamba wa Mzee Saulo akapita, wa majivu, amevutwa na kijana mwenye shati jeupe na kovu juu ya nyusi. Safari hii baba hakumtazama ng'ombe. Alimtazama kijana, kwa makini, mpaka akatoka kwenye pazia.

"Anashika kamba vizuri," akasema. "Haivuti kwa nguvu." Kisha akamgeukia Silvester, akamshukuru kwa Kinyakyusa: "Ndaga, mwanangu."

Akina Saulo tuliwakuta bado stendi, lori lilikuwa halijajaa magunia matupu wala watu. Baba alimwendea Mzee Saulo mbele za watu, akavua kofia. Akamwambia kwamba alimwita mwongo na yeye si mwongo, na kwamba anaomba aletewe yule mtamba, kama bado anafaa kupewa. Habari za mama hakumweleza. Mzee Saulo alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani, maana kuitwa mwongo hakutoki moyoni kama vumbi kwenye koti. Kisha akasema ng'ombe aliyeonyeshwa Mbeya nzima hawezi kukosa wakwe, akacheka kwa hasira kidogo. Andendekisye alisimama nyuma yake. Adabu ilitukataza kusema, lakini tabasamu halikatazwi.

Mtamba aliletwa wiki ile. Wakati huo Wakristo wengi walikuwa wameshajenga mazizi nje, wakisema kulala na mifugo ni mambo ya zamani. Baba alikuwa mzee wa kanisa, lakini katika hilo alikuwa Mnyakyusa wa zamani: ng'ombe wake walilala ndani, upande mmoja wa nyumba, na meko upande wa pili.

Siku moja kabla ya harusi niliingia jioni na kibuyu cha maziwa. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na moto, mtamba amelala upande wake, wa majivu kama kawaida. Kuni zilikuwa zinawaka kwa ndimi ndefu. Nikamwona baba akiinama, akishika kijinga kimoja cha moto, akikitenga na kingine polepole. Ndimi zikashuka. Makaa yakaiva, nyumba ikaingia wekundu, ukutani, mikononi mwake, kwenye kibuyu changu.

Nikamuuliza anafanya nini. Safari hii hakunituma maji.

"Nasogeza vijiti," akasema.

Mtamba akageuza kichwa kututazama. Alikuwa mwekundu.